Paka Mwenye Meno ya Kwetu

Watu wa huku kwetu Iramba tuna meno ya kahawia. Nasema mapema ili mgeni asije akashangaa. Si kwamba hatupigi mswaki. Tunapiga, tena wengine tunasugua mpaka fizi zinalalamika. Ni maji. Visima vyetu vina madini yake, na ukiyanywa tangu utotoni yanajiandika kwenye meno na hayafutiki. Nilipokwenda kujifunza ushonaji Morogoro, wenzangu waliniuliza kama navuta sigara. Mimi! Nilinuna muda mrefu, halafu nikajizoeza kucheka nimeziba mdomo kwa mkono. Niliporudi nyumbani nikakuta kila mtu anacheka wazi, nikaushusha mkono wangu nikaendelea na maisha.

Kwa hiyo siku paka wa mama alipopiga mwayo mbele yangu na nikaona magego yake yamekuwa ya kahawia, sikushtuka hata kidogo. Nilisema tu, "Haya, na huyu naye kawa Mnyiramba." Mama akacheka, jirani yetu akacheka, paka akafunga mdomo akalala. Angepata wapi meno meupe? Alizaliwa ghalani kwangu, juu ya magunia ya alizeti, na anakunywa maji ya kisima kilekile tunachokunywa sisi.

Kusema kweli paka alikuwa wangu, tena wa kazi. Nilimweka kwa ajili ya panya, maana panya wa ghala la alizeti hawana adabu. Lakini mvua zilipombomolea mama nyumba yake na akahamia kwangu hapa Misigiri, alikuja na sanduku moja, kigoda chake, na ukaidi wake wote. Hakumaliza hata kutandika kitanda, paka akawa wake. Akawa analala miguuni pake. Mimi nikimwita ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Mchana mimi huwa kwenye cherehani yangu karibu na njia panda, pale mabasi yanaposimama. Naacha chakula kwenye hotpoti. Sasa, huku kwetu mtu mzima hali peke yake. Kula peke yako ni kama una siri na chakula. Mama hakuwa na mtu wa kula naye mchana, akamfanya paka ndiye mwenzake. Anakaa mkekani, sahani katikati, tonge lake, tonge la paka. Nilifoka mara nyingi. "Mama, huyu akishiba ugali, panya watakamatwa na nani?" Anajibu, "Na panya ni viumbe vya Mungu." Utasema nini na mtu wa namna hiyo? Nikirudi jioni nakuta sahani nyeupe, imelambwa, nami moyo wangu unatulia. Mama hakuwa mnene. Alikuwa mzee aliyeanza kuwa mwepesi, na mimi nilikuwa nimejiwekea jambo moja tu moyoni: mama ale.

Kisha paka akaanza visa. Unamwekea kichwa cha sangara anakinusa, anakiuma kwa upande mmoja, anakiangusha, anarudi nyuma anajipangusa shavu kwa mguu. Mate yakawa yanamtoka. Akikusogelea, harufu ya mdomo wake inatangulia. Jirani alisema kameza mfupa. Mama alisema kala panya mwenye sumu. Mimi nikasema anadeka, maana alishazoea kulishwa kama harusini.

Lakini jioni moja nilipofungua hotpoti nikakuta ugali haujaguswa. Nyama iko palepale. Nilimuuliza mama kulikoni.

"Nitakulaje na mwenzangu hali?" akasema.

"Mama, huyo ni paka."

"Najua ni paka. Macho ninayo."

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Kidogo cha mlenda, maziwa ya mgando, basi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikampikia uji wa uwele bila kumuuliza, maana mgonjwa haulizwi uji. Uji aliunywa. Lakini uji si chakula cha kumweka mtu. Niliogopa, siwezi kuficha. Nilikuwa nimeshamzika baba, na baba alianza hivihivi, kusukuma sahani. Nikajiambia, kama dawa ya mama iko ndani ya mdomo wa paka, basi paka atatibiwa, hata kama wote wa Misigiri watanicheka.

Bwana mifugo wa kata yetu ni kijana wa Tanga, mpole, ana meno meupe mpaka unaona haya. Siku hiyo alikuwa anachanja kuku dhidi ya kideri. Nikamtia paka kwenye tenga la kuku, nikafunika kwa khanga, nikasimama kwenye foleni na wenzangu.

"Shikamoo mama," akasema, akafunua khanga akitegemea jogoo. Akarudisha mkono haraka. "Huyu ni paka."

"Marahaba. Ndiyo, ni paka. Hali."

"Mama, mimi huku naitwa kwa ng'ombe na mbuzi."

"Ng'ombe ana meno, paka ana meno. Angalia."

Aliangalia. Harufu ilimpiga, akageuka pembeni kidogo, akarudi. "Mbona mmechelewa hivi? Meno yamebadilika rangi yote."

"Hayo ni maji," nikamwambia, na nikamchekea kwa makusudi ili ayaone ya kwangu. "Huku sote tuko hivi."

Masikini kijana wa watu! Aliangalia meno yangu, akaangalia ya paka, akaangalia chini. Watu wa kwenye foleni walikuwa wameacha kuku wao wanatusikiliza sisi. Kisha akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye gego la paka, akakwangua. Kikatoka kipande kigumu, kama ukoko wa sufuria. Akanionyesha kwenye kiganja.

"Huu ni ukoga, mama. Umekaa mpaka ukawa jiwe. Rangi ya maji iko ndani ya jino lenyewe, huwezi kuitoa kwa ukucha. Hii imepakwa juu. Na chini yake, ona." Alininyanyulia mdomo wa paka. Fizi ilikuwa nyekundu, imevimba, na jino moja la nyuma lilikuwa linacheza.

Nikamfuta paka mate kwa pindo la khanga. Miezi yote ile mnyama alikuwa anaumwa mbele ya macho yetu, nasi tunasema kawa mwenyeji.

Alitumia muda wake wote wa chakula cha mchana kwa ajili yetu. Alimchoma paka sindano ya kumlegeza, akakwangua ule ukoga taratibu, akaling'oa lile jino bovu, akamchoma na dawa ya usaha. Akaniambia yaliyobaki ni juu yangu nyumbani, na nisipomsikia kila kitu kitarudi palepale. Kila siku nimsafishe meno. Kitambaa laini nizungushie kidole, nisugue upande wa nje, pale jino linapokutana na fizi. Dawa ya meno ya watu nisithubutu, wala chumvi.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wewe unatema, mama. Paka hajui kutema. Atameza yote, na haimfai."

Hiyo nikaielewa mara moja. Ni maneno ya akili.

Nyumbani nikamwachia siku chache fizi zipone kama nilivyoagizwa, halafu asubuhi moja nikajifunga kibwebwe. Nikamviringisha paka kwenye khanga, kichwa tu nje, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikazungushia kidole kitambaa. Nikamfungua mdomo. Jamani! Sijui miguu ile ilitokea wapi, maana niliifunga mwenyewe. Alinichana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, akaruka kwenye ua wa minyaa, akakaa juu ya paa la choo ananitukana. Jirani alichungulia juu ya minyaa.

"Unambatiza?"

"Nampigisha mswaki!"

Lo, kosa la kulisema kwa sauti. Kufika saa nne habari ilikuwa njia panda imenitangulia. Wateja walinipa gauni huku wanauliza kama paka anatumia mswaki wake mwenyewe au tunachangia.

Mama alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye kigoda chake. Hakusaidia, hakusema. Jioni ndipo akasema, "Mngetumia mkaa na chumvi. Sisi tulisugulia mkaa."

"Kijana kakataza chumvi."

"Basi kama kakataza, kakataza. Lakini wewe hujui kushika mnyama. Unamshika kama unamkamata mwizi."

"Haya, mshike wewe!"

"Nitamshika," akasema. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda.

Mama alikulia kwenye ng'ombe. Wakati wa kumwachisha ndama kunyonya, kwao hawakumlazimisha ndoo. Unachovya vidole kwenye maziwa, ndama anavinyonya, unashusha mkono polepole mpaka kwenye ndoo, naye anadhani bado ananyonya kumbe ameshajifunza kunywa. Mama aliniambia nichemshe dagaa bila chumvi, nimletee maji yake tu. Akajizungushia kitambaa kwenye kidole, akachovya, akakiweka mbele ya pua ya paka, akaendelea kuongea habari zake kama hana shughuli. Paka akalamba. Mama akakiondoa. Siku hiyo ikaishia hapo.

"Hujasugua hata jino moja," nikasema.

"Nani kakwambia leo ni siku ya kusugua?"

Siku nyingine akamlambisha na kumgusa mdomo wa juu. Nyingine akaunyanyua kidogo, akaushusha. Mimi ambaye napenda kazi iishe nilikuwa natetemeka kwa kukosa subira. Lakini ikafika asubuhi, kidole kiko ndani, kinazunguka taratibu pembeni ya magego, na paka amefumba macho anang'ata kitambaa kwa utamu wa dagaa. Nilipiga vigelegele, akashtuka, mama akanifukuza.

Basi hiyo ikawa desturi yetu. Asubuhi tukishakunywa chai, jua la kipupwe likishaanza kupasha ukuta, mama anakaa kwenye kigoda chake, paka mapajani. Mimi nashika bakuli la maji ya dagaa na taa ya simu. Nachelewa kazini, nachekwa, sijali. Zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo na mama tangu niwe mtu mzima. Alinisimulia mambo ambayo hakuwahi kunisimulia, ya ng'ombe waliokufa, ya baba alipokuja kuposa na viatu vya kuazima. Mkono wake haukukosea hata mara moja. Nilipotaka kujaribu mwenyewe, upande ule wa jino lililong'olewa, akanizuia.

"Hapo usiguse. Hapo panauma kwa ndani, hata kama nje pamepona."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Nikadhani ni ujuzi wa ng'ombe.

Paka akapona. Akarudia vichwa vya samaki, akarudia panya, akarudia miguuni pa mama. Na nilipofungua hotpoti jioni, sahani nyeupe. Imelambwa! Niliimba siku ile nikiosha vyombo. Nikamtumia bwana mifugo kuku, jogoo mzima, akanipigia simu kushukuru nami nikamwambia ampige picha asimle haraka.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Vipimo vya mama navijua kichwani, sihitaji kuviandika. Tulikuwa na harusi ya mjukuu wake, nikataka kumshonea gauni. Nikamzungushia futi kiunoni kwa mazoea tu, nikaongea na jirani huku mkono unafanya kazi. Futi likapitiliza. Nikadhani nimelishika vibaya. Nikapima tena, likapitiliza palepale. Mama alikuwa amekonda kuliko siku zile alipokuwa anagoma kula.

"Mama, unakula kweli?"

"Si unaiona sahani?"

Sahani niliiona. Na paka nilimwona pia, amelala juani na tumbo limemwagika pembeni. Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida, nikamwachia ugali na nyama ya kuku, lakini mchana nilimwachia mwenzangu cherehani nikarudi nyumbani kwa miguu, bila kupiga hodi.

Mama alikuwa mkekani. Alikuwa anachambua nyama ya kuku kwa vidole, vipande vidogovidogo, anampa paka. Ugali akaumega, akaulainisha kwa mchuzi, akampa paka. Yeye mwenyewe alikuwa na kikombe cha maziwa. Alipoinua kichwa akaniona mlangoni, akatulia kama ameshikwa anaiba.

"Mama!"

"Sina njaa."

Nilifoka. Nilisema maneno mengi, mengine sikupaswa kumwambia mama yangu. Nilimwambia nimehangaika, nimechanwa, nimechekwa njia panda nzima, vyote ili yeye ale, kumbe nanenepesha paka! Mama alifunga mdomo. Jioni hiyo hatukuongea, na kwa nyumba ya watu wawili hicho ni kimya kikubwa.

Asubuhi nilichemsha dagaa kwa hasira. Lakini niliwachemsha. Mama akakaa kwenye kigoda, akamsafisha paka upande wa kulia, akamsafisha wa kushoto, akamwachia. Paka akaruka chini, akajilamba. Mama akabaki na kitambaa kidoleni anakitazama.

"Lile jino walilomng'oa," akasema. "Halimuumi tena?"

"Si unamwona anavyokula."

"Na mengine hayakufuata?"

"Yafuate wapi, mama?"

"Dada yangu aling'olewa moja tu na fundi wa gulioni. Yakafuata yote. Walisema meno ya maji yako hivyo, ukigusa moja umeyaita yote." Akamtazama paka. "Huyu nimemwangalia tangu siku ile ulipomrudisha. Nimeyagusa yote kila asubuhi. Hakuna hata moja lililofuata."

Kisha akanyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole, vilevile kama alivyokuwa akimnyanyua paka, akageukia mwanga.

Niliwasha taa ya simu. Kule nyuma, katikati ya meno ya kahawia kama yangu, moja lilikuwa limeoza mpaka shina, na fizi yake imejaa. Hata ningemwona akipiga mwayo kila siku, ningesema ni maji.

"Tangu lini?"

"Kabla ya paka kuugua. Kabla sana. Nikitafuna naona nyota. Nikampa yeye, alikuwa anakula vizuri, nawe ulikuwa unafurahi kuona sahani." Akashusha kidole. "Alipougua yeye, nikakosa wa kunilia."

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Nikamwambia mficha maradhi kifo humfichua. Akaniambia kifo kisubiri harusi ya mjukuu kwanza. Siku hiyohiyo tulipanda gari kwenda hospitali Kiomboi, mama amejifunga khanga mpya kama anakwenda kutoa ushahidi. Alimuuliza daktari kama ana sindano ya kumlegeza, kama ile ya paka. Daktari hakuelewa, mimi nikaelewa, nikamwambia ampe ganzi ya kutosha. Mama alinishika mkono kwa nguvu kuliko paka alivyowahi kunichana. Likatoka. Mengine yote yakabaki mahali pake, na alipofika nyumbani alijihesabu kwa ulimi mpaka usingizi ukamchukua.

Fizi ilipopona nilipika kuku wa kienyeji, nikamchemsha sana, na ugali wa uwele, na sikwenda kazini. Tulikaa mkekani wote wawili. Mama akachukua paja. Akalitafuna polepole upande mmoja, akangoja, akalihamishia upande wa pili, akatafuna. Paka akaja kama kawaida yake, akaweka mguu kwenye goti lake, akalia. Mama akainua sahani juu, asiifikie.

"Wewe umekula changu cha kutosha," akamwambia. "Niache na mimi nile."